Upasuaji wa macho wa bure: nimpeleke mama, au nisubiri nipate pesa?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, anaishi kijijini wilayani Kilwa. Jicho la kulia haoni kitu zaidi ya mwanga na kivuli cha mtu anayepita, na ukimtazama kwa karibu utaona weupe katikati ya jicho. La kushoto anaona kwa ukungu. Kuchambua mchele hawezi tena. Ana sukari, anameza vidonge. Ijumaa iliyopita imetangazwa msikitini kwamba madaktari wanakuja hospitali ya wilaya kupima na kupasua macho bure. Mimi niko Dar, nilikuwa nadunduliza nimlete hospitali binafsi. Mjomba anasema asubiri, mtoto wa jicho hajaiva. Jirani yetu alipasuliwa bure miaka ya nyuma na jicho lile sasa halioni kabisa. Mama naye anaogopa, kasikia kwamba jicho hutolewa nje, likaoshwa, likarudishwa. Kwa sasa anatiwa matone ya majani aliyoletewa na shangazi. Je, hizi huduma za bure ni salama, au wanajifunzia kwetu? Nimpeleke, au nisubiri?"*

Marahaba. Kabla hatujafika kwenye kambi wala kwenye pesa, piga simu nyumbani leo hii na useme matone ya majani yaachwe. Simlaumu shangazi, katoa alichonacho kwa mapenzi. Lakini maji ya majani hayafiki penye tatizo, kwa sababu tatizo liko ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Yanachogusa ni konea, kile kioo cha mbele, na huko ndiko yanakoharibu. Vijidudu vya kwenye majani huleta kidonda, kidonda kikipona huacha kovu, na kovu la konea haliondoki kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wapo wanaofika kwetu na ugonjwa wa kutibika kwa nusu saa, juu yake wameshajiongezea usiotibika. Maziwa ya mama anayenyonyesha na asali navyo ni hivyo hivyo. Hata matone yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha mtoto wa jicho, usiyanunue. Mpaka leo hakuna tone, la mitishamba wala la kiwandani, lililothibitika kufanya kazi hiyo.

Sasa swali lenyewe. Unataka kujua kama cha bure kinaweza kuwa salama, na nadhani pia unaogopa usije ukaonekana umemtupa mama kwenye cha bure wakati ungeweza kujinyima ukamlipia. Jibu langu ni mpeleke, kwa masharti nitakayoyataja. Bei haikwambii mengi. Upo upasuaji mbaya uliolipiwa fedha nyingi, na upo mzuri ambao mgonjwa hakutoa hata senti. Mimi huuliza jambo moja: kesho yake asubuhi nani atafungua bandeji na kulitazama jicho, na mwezi mmoja baadaye, mama akipata shida, atamkuta nani?

Tuanze na kilichomo ndani ya jicho lake, maana hofu nyingi za hapo nyumbani zinatokana na kutoelezwa. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kidogo chenye upana wa takriban sentimita 1. Ni maji na protini zilizopangwa vizuri kiasi kwamba mwanga unapita bila kuzuiwa. Lenzi haina mishipa ya damu, na protini za katikati yake ni zile zile alizozaliwa nazo mtu. Miaka ikienda, mpangilio unavurugika. Jua kali huchangia, sigara huchangia, dawa za jamii ya steroidi huchangia, jeraha pia, na sukari huharakisha sana. Protini zinagandana, lenzi inakuwa nyeupe au ya kahawia. Ni kama ute wa yai uliopata moto: ukishakuwa mweupe haurudi kuwa maji. Ndiyo maana dawa haisaidii, na tiba ni moja tu, kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya bandia.

Mwambie mama jicho halitolewi nje. Haliwezi kutolewa likarudi likaona, kwa sababu limeungwa na ubongo kwa mshipa wa fahamu ambao ukikatwa hauungiki tena. Kitakachofanyika ni hiki. Atatiwa matone ya kupanua mboni, kisha atachomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Sindano hiyo huuma kidogo, usimfiche. Hapewi nusu kaputi. Atakuwa anasikia watu wakizungumza. Atafunikwa kitambaa usoni, na daktari atatazama kwa hadubini huku akifungua mlango mdogo wa milimita 6 au 7 kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Lenzi imekaa ndani ya mfuko mwembamba. Daktari anaufungua mfuko kwa mbele, anaitoa lenzi, anauacha mfuko, na ndani yake anaweka lenzi ya plastiki. Mlango ule huchongwa kwa namna ya kujifunga wenyewe, mara nyingi bila uzi. Mkono uliozoea humaliza kwa dakika 10 hadi 20. Katikati ya kazi hiyo mgonjwa anaona mwanga mkali na anasikia maji yakimiminwa juu ya jicho, halafu anatoka amefungwa bandeji. Nafikiri habari ya kuoshwa jicho ilianzia hapo.

Mjomba naye hasemi uongo, anasema ya zamani. Kuna wakati lenzi ilitolewa pamoja na mfuko wake, na kazi hiyo ilikuwa rahisi zaidi kwa mtoto wa jicho aliyekomaa. Mgonjwa akabaki bila lenzi yoyote, akapewa miwani minene mizito. Wazee wa aina hiyo mjomba atakuwa amewaona. Lenzi ya bandia yenyewe si kitu kipya. Daktari Harold Ridley aliiweka mara ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kugundua kwamba marubani wa Vita Kuu ya Pili waliorukiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao walikaa navyo jichoni bila jicho kuvikataa. Kilichochelewa kutufikia ni bei yake. Kwa miaka mingi lenzi moja ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kijijini. Kisha mwaka 1992 hospitali za macho za Aravind kule India zikaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na Nepal nako wakaanza kutengeneza zao, bei ikashuka hadi dola chache tu.

Kwa hiyo siku hizi hatusubiri kuiva. Tunapasua pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake, na jicho la kulia la mama limeshapita hapo. Kusubiri zaidi kuna hatari. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda ghafla, na maumivu yake hayasemeki. Presha hiyo ikikaa, huua mshipa wa fahamu wa jicho, na hapo hata upasuaji mzuri kiasi gani haurudishi uoni. Lenzi ya namna hiyo pia huwa ngumu, upasuaji wake ni mgumu zaidi. Halafu kuna hatari ambayo watu hawaihesabu: bibi asiyeona vizuri anaanguka, anavunjika nyonga, na hilo ndilo linalomlaza.

Kuhusu jirani, siwezi kujua kilichomsibu bila kumpima, na wala wewe usikubali mtu akupe jibu kwa kukisia. Nitakwambia yanayowezekana. Huenda alikuwa na presha ya macho, glakoma, tangu mwanzo na hakuna aliyeipima. Lenzi ikabadilishwa wakati mshipa wa nyuma umeshakufa. Huenda sukari ilikuwa imeharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Huenda alipata maambukizi ndani ya jicho siku chache baada ya upasuaji, akakaa nyumbani akidhani ni kidonda kinapona. Maambukizi hayo ni nadra, ila yakitokea jicho linaweza kupotea ndani ya siku moja au mbili. Na lipo la nne, ambalo ni habari njema: ule mfuko ulioachwa unaweza kupata ukungu baada ya miezi au miaka, watu wakasema mtoto wa jicho karudi. Huo hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu. Kama jirani hajaonwa na daktari wa macho tangu wakati ule, aende na mama siku hiyo hiyo ya kambi.

Unauliza kama wanajifunzia kwenu. Upasuaji huu wa mlango mdogo usio na mashine kubwa haukubuniwa kwa kujaribu maskini. Umekomazwa kwa miaka mingi katika nchi za Asia Kusini. Mwaka 2007 timu ya daktari Sanduk Ruit wa Nepal ilichapisha matokeo ya kuulinganisha na upasuaji wa mashine wa gharama kubwa, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu. Uoni wa makundi yote mawili ulikuwa mzuri na karibu sawa, na ule wa mkono ulikuwa wa haraka na wa bei nafuu. Kwa lenzi nyeupe ngumu kama ya mama, madaktari wengi, hata wenye mashine, wangechagua njia hii hii. Kuhusu wanafunzi, ni kweli hospitali za kufundishia zinafundisha, za kulipia na za bure. Una haki ya kuuliza nani atashika kisu na nani atamsimamia. Asiye bingwa pia si lazima akutie hofu: hapa Tanzania tuna madaktari wasaidizi waliosomea upasuaji wa mtoto wa jicho pekee, wengine wakiwa na maelfu ya macho mikononi mwao. Mkono wa namna hiyo mimi ningeukubali kwa mama yangu.

Hata hivyo kambi si zote sawa, na hapa sitakupaka mafuta. Mwaka 2014, wilayani Gurdaspur katika jimbo la Punjab nchini India, makumi ya watu walipoteza uoni baada ya kupasuliwa kwenye kambi ya bure iliyofanyika katika mazingira machafu. Misiba kama hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu waachane na kupasua madarasani na kwenye mahema. Utaratibu ninaouamini ni wa kwenda kijijini kupima tu, kisha wanaohitaji upasuaji wanapakiwa kwenye basi hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji, wanalala huko, wanaonwa asubuhi, wanarudishwa. Aravind, iliyoanzishwa Madurai mwaka 1976 na daktari mstaafu Govindappa Venkataswamy ikiwa na vitanda 11, imekua kwa mtindo huo, na wanaoweza kulipa wanawabebea wasioweza. Ya kwenu inafanyika hospitali ya wilaya. Hiyo ni dalili nzuri, ila usiishie hapo.

Kila mkoa na wilaya nyingi zina mratibu wa huduma za macho. Mtafute kwa kupitia hospitali ya wilaya au mganga mkuu wa wilaya, naye ndiye wa kumuuliza, si mtangazaji wa msikitini. Muulize kama timu imepitia kwake, maana timu ya nje isiyojulikana na mratibu ningeikimbia. Muulize kama watapima presha ya macho na sukari kabla ya upasuaji, na kama watapima urefu wa jicho ili kuchagua nguvu ya lenzi. Hili la mwisho wengi hawalijui. Macho hayalingani, na zamani kwenye kambi nyingi kila mtu aliwekewa lenzi ya nguvu moja, akatoka anaona nusu nusu. Muulize watabaki wilayani siku ngapi baada ya mgonjwa wa mwisho, na wakiondoka mafaili ya wagonjwa yanabaki kwa nani. Kama jibu la swali hili ni kigugumizi, msubirishe mama na umpeleke hospitali ya mkoa.

Siku ya kupimwa, utaona daktari akimulika tochi jicho hili, kisha lile, akitazama mboni zinavyosinyaa. Ataliuliza jicho la kulia mwanga unatoka upande gani: juu, chini, kulia, kushoto. Ni kipimo cha dakika moja na kina thamani kubwa, kwa sababu kinamwambia kama nyuma ya ule weupe bado kuna jicho linalofanya kazi. Mama kuona mwanga na kivuli kunanipa matumaini, lakini anayeamua ni aliyemshika, si mimi ninayesoma barua. Akiambiwa jicho halifai kupasuliwa, msigombane naye. Daktari anayekataa wagonjwa wengine namwamini kuliko anayepasua wote. Watafanya jicho moja kwanza, kwa kawaida lile baya zaidi, na hilo ni sahihi.

Sukari haimzuii. Aendelee na vidonge vyake kama kawaida, abebe kadi ya kliniki, na aulize kama ale au asile asubuhi hiyo. Sukari au presha ya damu ikikutwa juu sana, wataahirisha mpaka itulie. Asikasirike. Na hata baada ya upasuaji, mwenye sukari anatakiwa kupimwa retina kila mwaka.

Pesa uliyodunduliza usiirudishe mfukoni. Cha bure kina gharama zake. Kuna nauli ya watu wawili, chakula, siku mbili au tatu za msindikizaji asiyekwenda shamba, na nauli nyingine ya kurudi kuonwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wanaokwama zaidi ni akina mama. Watafiti waliokuwa Moshi walilionyesha hilo miaka mingi iliyopita: wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kiwango kidogo kuliko wanaume ingawa ndio wengi wenye tatizo. Mzee wa kiume huuziwa mbuzi apelekwe. Bibi husema mimi nimeshazeeka, kuku wangu nitamwachia nani. Usikubali jibu la kuku. Tuma nauli, na tafuta mtu mmoja mwenye jina, siyo "mtu yeyote atakayekuwepo", wa kulala naye hospitali na kumtia matone.

Kambi ikipita kabla hujajipanga, hujapoteza kitu. Hospitali nyingi za mkoa zina kliniki ya macho, na sera ya nchi inawapa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Utaratibu una usumbufu wake, ila ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo inayoushughulikia. Hapo Dar kuna Muhimbili na kuna CCBRT Msasani, ambazo zina madaktari wa macho waliobobea. Hospitali binafsi itakupa kitanda kizuri, foleni fupi na labda mashine ya kisasa. Kwa jicho kama la mama, sidhani tofauti ya uoni itafikia tofauti ya bei. Ningeifikiria zaidi kama daktari wa kambi atasema kuna tatizo la ziada, mfano retina.

Baada ya upasuaji atapewa matone ya kuzuia maambukizi na uvimbe, kwa kawaida ya wiki nne hivi. Yatiwe kwa saa, mikono ikiwa imeoshwa, ncha ya chupa isiguse jicho. Kwa wiki za mwanzo asibebe ndoo kichwani, asiiname jikoni kwenye moshi, asisugue jicho, na maji ya kuoga yasiingie. Kwenye sala ya sijida azungumze na daktari; kusali akiwa amekaa kwa siku hizo kunaruhusiwa na wengi hufanya hivyo. Kukwaruza kidogo kama kuna mchanga na wekundu unaopungua kila siku ni kawaida. Ambacho si kawaida ni maumivu yanayoongezeka, uoni uliokuwa umerudi ukaanza kufifia, wekundu unaozidi, au usaha. Akiona hata kimoja, aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku usimzuie, na asisubiri tarehe ya kliniki. Haya yaandike kwenye karatasi, umpe huyo mtu wa kulala naye.

Lenzi ya bandia haichakai wala haibadilishwi. Ila kwa kawaida huwekwa ya kuonea mbali, kwa hiyo mchele, uzi na sindano bado vitataka miwani ya kuonea karibu, ambayo ni ya bei nafuu. Usidhani ni anasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka vijijini Bangladesh ulionyesha kipato cha watu waliopewa miwani hiyo kikipanda kwa takriban asilimia 33. Miwani iliyotumika inayoletwa kwenye maboksi kutoka Ulaya usiipokee kwa ajili yake bila kupimwa. Imetengenezwa kwa macho ya mtu mwingine, na nyingi hazimfai yeyote.

Mwisho kuna jambo linalokuhusu wewe. Ikigundulika kwamba mama ana presha ya macho, peke yake au pamoja na mtoto wa jicho, upasuaji wa lenzi hautamaliza kazi. Atahitaji matone ya kila siku ya maisha yote, au upasuaji wa aina nyingine, ili kulinda kilichobaki. Ugonjwa huo huanza bila maumivu na hutembea kwenye damu ya ukoo. Kwa hiyo mkipewa jibu hilo, wewe na ndugu zako wote, na hasa mliofika miaka 40, nendeni mkapimwe mwaka huu, hata kama mnaona vizuri.